Zamu Mpaka Magharibi

Madungu nzima ilijua kwamba Bi Mwanakhamis hana wivu, kwa sababu mwenyewe aliieneza habari hiyo miaka sita mfululizo. Aliisema harusini, aliisema hitimani, aliisema dukani, na akikosa mtu wa kumwambia alimwambia muuza pweza. "Wivu? Nimuonee nani?" Kisha hucheka kicheko chake kifupi, meno nje, macho hayamo. Asiye na wivu hana haja ya kuutangazia mji, lakini nani angethubutu kumwambia?

Na wivu wenyewe ungekuwa na haki yake. Mumewe, Msellem, fundi wa mafriji na viyoyozi, mtu mpole asiyeachana na mfuko wake wa bisibisi, alioa mke wa pili. Alimwoa Mardhiya, binti wa kutoka Kengeja, mdogo kwa Mwanakhamis kwa miaka kumi na tano, mshona nguo, mcheshi, hodari wa kuiga watu. Mwanakhamis hakulia wala hakurudi kwao. Alikwenda kuposa yeye mwenyewe, akapika biriani ya harusi yeye mwenyewe, akamtandikia bibi harusi kitanda kwa mikono yake miwili. Mji ukashangaa, sifa zikammiminikia, na tangu hapo sifa zile ndizo zikawa chakula chake. Mtu akishajulikana kwa jambo hulilinda hata kama linamtafuna.

Msellem naye alikuwa na sifa yake, uadilifu. Akinunua jodari hununua vipande viwili sawasawa, mpaka wauza samaki wa Wesha wakimwona kwa mbali hujificha. Khanga jozi mbili, mchele polo mbili, mche wa sabuni ukatwe katikati. Zamu ilikuwa siku moja moja, kutoka magharibi hadi magharibi. Muadhini akianza tu Allahu Akbar ya magharibi, Msellem huwa ameshavaa makubadhi anavuka barabara, kwa maana nyumba zake mbili zilitazamana. Hakuna aliyeweza kumtia ila, na yeye mwenyewe akaamini kwamba hana.

Basi mwaka juzi wakaja watu wa televisheni, Upwa TV, wakitaka kutengeneza tamthilia ya maisha ya Pemba. Mardhiya aliitwa kuwashonea mavazi. Siku moja mwigizaji mkubwa akaugua, Mardhiya akasimama mahali pake kwa mzaha tu, akacheza kipande kizima huku tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. Mwongozaji akasema ni huyu huyu, wengine warudi makwao. Tamthilia ikaitwa Nyumba ya Mbele, na Mardhiya akawa Bi Mize, mke mkubwa aliyeletewa mwenza.

Mke mdogo anaigiza mke mkubwa! Mwanakhamis alicheka sana alipoambiwa. Hakuitazama tamthilia ile hata siku moja. Alisema ni kupoteza wakati, tena televisheni yake imeingia ukungu. Mke wa fundi, televisheni ina ukungu mwaka mzima. Ukweli ni kwamba kila alipopita barabarani na kuisikia sauti ya Mardhiya ikitoka madirishani, nyumba hii na nyumba ya pili na ya tatu, alihisi kama amemeza kaa la moto na hana maji ya kuteremshia.

Jirani yake Asma, ambaye hakuikosa hata siku moja, aliwahi kuanza kumwambia jambo.

"Yakhe Mwanakhamis, yule Bi Mize…"

"Kafanyaje?"

"Hakufanya kitu. Itazame na weye siku moja, japo kidogo."

Mwanakhamis alidhani anasifiwa mwenzake usoni pake, akakaa wiki nzima bila ya kumjibu Asma salamu kwa ukamilifu.

Mwaka huu ndipo ulipofika msumari wa moto juu ya kidonda. Mardhiya alitajwa miongoni mwa wanawake wanne wanaowania tuzo ya mwigizaji bora. Na hafla, iliyokuwa ikifanywa bara kila mwaka, safari hii italetwa Chake Chake, kwenye ukumbi mpya wa njia ya Wesha, ionyeshwe moja kwa moja nchi nzima. Itaanza saa kumi, baada ya alasiri. Msanii anaruhusiwa wageni wawili.

Msellem alikuja kwa Mwanakhamis, akakaa barazani, akavua kofia, akaivaa tena.

"Jumamosi ile, Mwanakhamis. Mchana wake ni wako."

"Naujua."

"Mwenzio ana jambo lake kubwa. Nimekuja kukuomba ruhusa nende naye."

Mwanakhamis alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Zamu yangu siigawi, siikopeshi wala siibadilishi. Kuletewa mwenza nilikubali. Kunyang'anywa siku yangu sikukubali."

"Basi nisende?"

"Nani kasema usende? Utakwenda. Lakini utakwenda na miye. Ntu wangu hakai ubavuni mwa mwanamke mwengine mbele ya dunia nzima, katika siku yangu, miye nimekaa nyumbani nachambua mchele. Magharibi ikiingia, mpe haki yake. Kabla ya hapo, weye ni wangu."

Msellem aliona ni hoja ya haki, na haki ilikuwa udhaifu wake. Mardhiya alipoelezwa alisema tu, "Dada aje, marahaba," akampelekea kitambaa cha baibui. Mwanakhamis alikipokea kwa shukrani nyingi, akakifungia kabatini, akenda kununua chengine.

Jumamosi ile alijitia udi tangu dhuha. Alivaa baibui jipya lenye vijiwe vinavyometa mikononi, bangili zake sita za dhahabu, viatu vyenye kisigino ambavyo hakuwahi kuvikanyagia isipokuwa chumbani. Alijitazama kwenye kioo akaridhika. Kisha gari la televisheni likaja kumchukua Mardhiya, Mardhiya akatoka mlangoni kwake, na ile ridhaa ikakatika kama uzi mbovu.

Alikuwa kavaa gauni la kijani lililofunika mpaka vidole, kilemba cha hariri, na nyuma mkia wa nguo mrefu hata ukahitaji wasichana wawili wa kuubeba. Wasichana wawili, kazi yao kubeba nguo! Mwanakhamis aliutazama ule mkia, moyo ukamwambia waziwazi: natamani aukanyage.

Ukumbini zulia jekundu lilitandazwa kutoka barabarani mpaka mlangoni, na juu ya mlango picha ya Mardhiya imetundikwa, kubwa kama mlango wa gereji. Watu walipiga kelele. "Bi Mize! Bi Mize!" Watoto wa skuli, wauza mihogo, na askari aliyewekwa kuwazuia wenzake, wote walikuwa wanamwita kama wamenyonya naye ziwa moja. Mwanakhamis alikuwa ameishi Chake Chake maisha yake yote, na hakuna siku watu watatu waliliita jina lake kwa pamoja, labda alipotumbukia mtaroni mwaka ule wa mvua kubwa.

Mpiga picha alinyoosha mkono. "Msanii na mumewe, tafadhali! Wengine pembeni kidogo."

Msellem akasogea hatua moja. Mwanakhamis akamshika mkono wa kanzu.

"Mumewe baadaye, mwanangu," alimwambia mpiga picha. "Saa hizi ni wangu."

Mtangazaji, binti mmoja wa bara mwenye kope ndefu, alisikia, akaona amepata uhondo. Alikuja na kipaza sauti na kamera nyuma yake.

"Mama, shikamoo. Wewe ni nani wake msanii wetu?"

"Marahaba. Miye ni nke wa huyu bwana."

"Na Mardhiya je?"

"Na yeye ni nke wa huyu bwana."

Watu wakacheka. Binti akamkaribia zaidi, sauti akaitia asali. "Mke mwenza! Na umekuja kumshangilia! Mama, waambie Watanzania, huna wivu hata kidogo?"

Mwanakhamis aliitazama ile kamera. Alijua Asma yuko nyumbani anatazama, na Madungu nzima pamoja naye. "Wivu?" alisema. "Nimuonee nani? Miye wivu, mwanangu, sijui hata rangi yake." Akacheka kicheko chake. Watu wakapiga makofi, na kwa dakika moja ile, Mungu amsamehe, aliona kwamba makofi ni kitu kitamu na akaelewa kwa nini mwenzake hakinai.

Ndani palikuwa na meza za duara, vitambaa vyeupe, maua ya plastiki, na baridi ya viyoyozi iliyomfanya Msellem atazame juu kwa heshima na kuhesabu mashine ngapi zimefungwa. Mezani palikuwa na vikadi. Kimoja kimeandikwa Mardhiya kwa wino wa dhahabu. Cha pili, Mume wa Mardhiya. Cha tatu, Mgeni. Mwanakhamis alikisoma cha tatu mara mbili. Kisha akakipindua cha pili kikalala kifudifudi, akakaa katikati, Mardhiya mkono huu na Msellem mkono ule, akawa kama ukuta wa ua.

Hafla ilikwenda. Zikatolewa tuzo za mapambo, za sauti, za sijui nini. Kila aliyepita mezani pao aliinama kumwamkia Mardhiya, na kila mmoja Mwanakhamis alimtabasamia kwanza, wakampita kama wanavyopitwa walioketi mlangoni. Alianza kuomba dua chini ya pumzi. Hakuomba mabaya sana. Aliomba apewe mwengine tu, yule mnene wa meza ya tatu, apewe yeye, turudi nyumbani.

Kabla ya magharibi mshereheshaji alisema sasa tutazame vipande vya wanawake wetu wanne, halafu tuvunje kwa ajili ya sala, na tukirudi tutamjua mshindi. Taa zikapunguzwa. Vikapita vipande vitatu. Watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha kioo kikubwa cha jukwaani kikaonyesha jiko la uani.

Bi Mize aliingia jikoni, kajifunga khanga kifuani, akatazama nyuma kuona kama yupo mtu. Kuni zilikuwa zinawaka vizuri, chungu kinatokota. Akainama, akaibana pembe ya khanga kwa meno, akaanza kuuvuvia ule moto uliokwisha kuwaka. Akauvuvia, akauvuvia, majivu yakamrukia kichwani, machozi yakamshuka mashavuni yakidondokea mafiga. "Kuni mbichi hizi," alisema, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Akajifuta. Akanyooka. Akautengeneza uso, jicho kwanza, mdomo baadaye. Akatoka uani, akaita kwa sauti ya furaha, "Nani ataka chai?"

Mwanamke mmoja nyuma akajipiga kifua, "Masikini wee!"

Mwanakhamis alikuwa amekaa kama aliyemwagiwa maji. Pembe ile ya khanga aliijua ladha yake. Kuni zile alizipanga yeye. Ilikuwa siku ya saba ya fungate ya Mardhiya, siku ya saba Msellem hajalala kwake, na wageni wa Kengeja walikuwa wamejaa barazani wanamsifu kwa moyo wake mkubwa. Aliwaacha wanasifu, akaenda jikoni kulia. Alilia kwa hesabu, haraka, kwa kuwa wageni walikuwa wanasubiri. Kisha akatoka akauliza nani ataka chai. Hakuna aliyemwona. Kwa miaka sita aliapa kwamba hakuna aliyemwona, na juu ya kiapo hicho ndipo alipoijenga nyumba yake yote ya sifa. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ile alikuwa haijui.

Kitu kimoja tu alikuwa akikiogopa duniani, nacho ni watu kujua. Na sasa nchi nzima ilikuwa inaangalia, saa chache tu baada ya yeye kusema wivu hajui rangi yake. Alijikunyata kwenye kiti akingoja vichwa vigeuke. Havikugeuka. Walikuwa wanamlilia Bi Mize.

Akasikia pua inavutwa. Akageuka. Msellem alikuwa analia. Msellem, ambaye hakulia alipomzika babake, kashika kofia mkononi, chozi limefika kwenye sharubu.

"Masikini bibi wa watu," alinong'ona. "Hivi mumewe haoni? Mwanamme gani yule, kipofu?"

Wivu ambao Mwanakhamis alikuwa akiujua siku zote, wa mikia ya nguo na picha za mlangoni, ulikuwa mchezo wa watoto. Huu ulikuwa mwengine. Machozi yalikuwa yake. Aliyalia kwa macho yake, kwa moshi wa jiko lake, akamficha mumewe asiyaone. Na kumbe miaka yote sita alikuwa anataka ayaone. Sasa ameyaona, na ameyaona usoni mwa mwanamke mwengine.

Adhana ikaingia. Watu wakanyanyuka. Nyuma ya ukumbi, upande wa wanawake, palikuwa na mabomba ya kutilia udhu, na Mardhiya akamkuta Mwanakhamis huko kainama, mikono majini muda mrefu kuliko udhu unavyotaka. Wasichana wa kubeba mkia walikuwa wamebaki mlangoni. Walikuwa wawili peke yao.

"Ule moto ulikuwa unawaka," alisema Mwanakhamis bila ya kumtazama.

Mardhiya alilikunja gauni, akafungua bomba la pili. "Naujua, dada. Nliuona."

"Uliniona wapi weye?"

"Mlangoni mwa jiko. Nlikuja kukurejeshea sahani yako, hukunsikia."

Sahani! Sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Mwanakhamis aliikuta siku ile imewekwa kizingitini peke yake, akawagombeza watoto wa Asma kwa kuchezea vyombo vyake. Akakumbuka mpaka kilio cha yule mdogo wao.

"Ukanicheka."

"Wallahi sikucheka. Nlirudi ndani nkalia. Msellem akaniuliza nna nini, nkamwambia nakumbuka kwetu." Mardhiya alipitisha maji usoni, wanja ukamtiririka. "Akaninunulia halua."

"Mbona hukunambia siku zote hizi?"

"Ningekwambia, ungenpiga upawa."

Mwanakhamis alitaka kucheka, kweli alitaka, na akamchukia mwenzake zaidi kwa kumfanya atake. Angekuwa mbaya wa kweli ingekuwa rahisi. Mtu mbaya huchukiwa ukalala usingizi.

"Kipande kile ndicho kilichonipa jina," Mardhiya alisema. "Nikipata tuzo, dada, nikutaje?"

"Unitaje!" Mwanakhamis aligeuka, maji yakamtiririka viwikoni. "Watu wote wajue? Ukithubutu kulitaja jina langu pale juu, sikusamehe duniani wala akhera. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Apa."

"Wallahi sikutaji."

Wakasali safu moja, bega kwa bega, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo.

Waliporudi mezani Msellem alisimama nyuma ya viti, hajui akae wapi, anamtazama Mwanakhamis. Magharibi imeingia. Mwanakhamis angeweza kujitia hajui. Hapakuwa na mtu wa kumhukumu pale isipokuwa Mungu na Msellem, na Msellem asingesema. Lakini alikuwa ameipigania sheria hiyo yeye mwenyewe, na mwenye kushika haki kwa ulimi huibeba kwa mgongo. Alikipindua kile kikadi, Mume wa Mardhiya kikasomeka. Akachukua mkoba wake, akahamia upande wa pili wa meza, akaacha kiti kimoja kitupu kati yake na mumewe, akauweka mkoba juu yake. Mtangazaji wa kope ndefu alipita, akawaona wamebadilishana, akasimama kinywa wazi, akaenda zake.

Bahasha ilifunguliwa. Mshereheshaji alilivuta jina mpaka akakaribia kupigwa, kisha akalitaja. Ukumbi ukasimama wima. Msellem akasimama, akamshika Mardhiya mkono, akampeleka mpaka ngazi za jukwaa mbele ya kamera zote, na Mwanakhamis akautazama mkono ule tangu mezani mpaka kule. Huo mkono saa moja iliyopita ulikuwa zamu yake.

Mardhiya alipewa tuzo, sanamu ya shaba ya kombe la baharini. Aliikumbatia kama mtoto aliyeamka. Akamshukuru Mwenyezi Mungu. Akawashukuru wazee wake wa Kengeja, mwongozaji, waigizaji wenzake, mume wake. Akainua macho, akaitafuta meza yao, akaipata, midomo ikafunguka.

Na hapo Mwanakhamis akajikuta mkono wake umekwenda kwenye shela, unalitengeneza. Mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia, kisigino chini, tayari kwa kusimama. Alijishangaa. Alikuwa anangoja. Kwa pumzi zake zote alikuwa anangoja aitwe, Mwanakhamis wa Madungu, huyu ndiye, machozi yale ni yake, na wajue, wajue wote, na kwanza kabisa ajue yule mwanamme aliyesimama chini ya ngazi na kofia mkononi.

Lakini Mardhiya alikuwa ameapa.

"Asanteni," alisema, akateremka.

Makofi yakavuma. Wapiga picha wakamzunguka Mardhiya, ikawa haonekani ila ncha ya kombe la shaba. Msellem aliwekwa pembeni, akarudi mezani peke yake, uso umemng'ara. Alikuwa anataka mtu wa kumwambia jambo, na mtu wa kumwambia mambo, kwa miaka ishirini na mbili, alikuwa Mwanakhamis.

"Umeona, Mwanakhamis? Na yule Bi Mize, sijui Mardhiya kamtoa wapi. Mimi…" Akakatiza. Alimwangalia vizuri. "Unalia?"

"Moshi," alisema Mwanakhamis.

Lilimtoka lenyewe, kama lilivyozoea kutoka. Na Msellem, fundi, akasikia anachokisikia fundi. Uso ukabadilika, akainua kichwa akaitazama mashine iliyokuwa juu ya ukuta wao. Akasogea, akanusa. Akaupeleka mkono juu, akaushika ule upepo kwa kiganja, akaupima kama anavyopima kila siku. Upepo ulikuwa baridi na safi. Akaenda kwenye mashine ya pili, akanusa na hiyo. Akarudi.

"Hapana moshi humu, Mwanakhamis."

Mwanakhamis alikuwa ameinama, ameibana pembe ya shela kwa meno.

Msellem aliutazama ule mdomo. Aliitazama ile pembe ya nguo. Kisha akaigeuza shingo pole pole, akakitazama kile kioo kikubwa kilichokuwa kimezimwa, cheusi, hakina mtu. Watu walikuwa wanampita, wanampa mkono wa pongezi, naye anautoa bila ya kumwona anayempa. Alipomgeukia tena mkewe, kofia ilikuwa imemwanguka na hajui.

Aliuchukua mkoba ule uliokuwa juu ya kiti kitupu, akauweka mezani, akakivuta kiti akae.

Mwanakhamis aliiachia pembe ya shela, akajifuta, jicho kwanza, mdomo baadaye.

"Nenda kwako, Msellem," alisema. "Magharibi imeshaingia."